Upepo wa Katonga unageuka saa tano: ni Dunia inazunguka au ni jua?

Dada mmoja anayeanika dagaa pale Katonga, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Asubuhi moshi wa jiko langu unaelekea ziwani, ikifika saa nne saa tano unasimama, halafu unageuka unanirudia usoni, upepo unatoka ziwani mpaka jioni. Usiku unageuka tena. Halafu kiangazi kikiingia kuna upepo wa kusini unavuma siku tatu nne mfululizo, kaka yangu mwenye boti ya Kagunga anakaa tu nyumbani. Mwanangu yuko kidato cha pili, anasema upepo unatokea kwa sababu Dunia inazunguka. Mi naona kama Dunia inazunguka upande mmoja, mbona upepo unageuka? Naomba unieleweshe upepo unatoka wapi hasa, na kama kuna namna ya kujua utageuka saa ngapi."

Marahaba dada. Hilo la "mbona upepo unageuka" limenifurahisha sana, maana nimefundisha hali ya hewa miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa mpimaji kwenye kituo kule Tabora, na watu wengi wanaimeza hiyo ya Dunia kuzunguka bila kujiuliza ulichojiuliza wewe hapo kwenye moshi wa jiko lako. Mwanao hajakosea kabisa, kashika nusu ya habari ila kaiweka mahali pasipo pake. Kuzunguka kwa Dunia hakuanzishi upepo. Kunaupinda tu ukishaanza. Anayeuanzisha ni jua.

Tuanze na hiyo ya Dunia ili tuimalize. Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na pale ikweta ardhi inakwenda kwa spidi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, sisi Kigoma tuko nyuzi kama tano tu kusini ya ikweta kwahiyo tunapungukiwa kidogo sana, ni kama 1,664. Sasa kama hewa ingekuwa imesimama yenyewe halafu Dunia inapita chini yake, tungepigwa na upepo wa mashariki wa spidi hiyo usiku na mchana, isingebaki bati wala mwembe. Haiko hivo kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na Dunia. Umeshapanda treni ya kwenda Tabora? Dirisha likiwa limefungwa mvuke wa chai yako unapanda wima tu, hauruki kukimbilia behewa la nyuma, japo treni inakimbia, maana hewa ya mle ndani inasafiri na treni.

Sa twende kwenye jiko lako, kwasababu hapo ndo elimu yote ya upepo ilipo. Jiko la mkaa lina kile kimlango cha chini. Ukikiziba moto unafifia, ukikifungua makaa yanakuwa mekundu, na ukisogeza jivu jepesi pale mlangoni utaliona linavutwa kuingia ndani. Nani analivuta? Hamna anayepuliza. Hewa iliyo juu ya makaa imepata moto, ikipata moto inatanuka, ikitanuka inakuwa nyepesi, inapanda, na ikishapanda pale chini presha inapungua, basi hewa ya baridi iliyo nje ambayo ni nzito zaidi inasukumwa kuingia kujaza. Huko kuingia pale mlangoni ndo upepo wenyewe. Hewa ina uzito dada, watu tunasahau kwa vile hatuioni, boksi la mita moja kwa mita moja kwa mita moja la hewa ya hapo Kigoma lina uzito unaozidi kilo moja kidogo, na hewa yote iliyo juu ya kichwa chako mpaka mwisho wa anga inakulalia, huko kulalia ndo tunaita mgandamizo wa hewa, ndo ile presha. Mahali mgandamizo ni mkubwa hewa inasukumwa kwenda mahali mgandamizo ni mdogo. Upepo wowote unaoujua, wa kupeperusha kanga na wa kung'oa paa, chanzo chake ni hiyo tofauti, na tofauti ikiwa kubwa ndani ya umbali mfupi ndo upepo unakuwa mkali.

Haya, sasa Katonga jiko ni lipi? Ni mchanga na ile milima nyuma yako. Ziwa ndo hewa ya nje ya jiko. Vua ndala saa saba mchana ukanyage mchanga unaoanikia, hutoboi hatua kumi, lakini ingiza mguu majini, maji yako vilevile kama ya asubuhi. Halafu amka saa kumi alfajiri ufanye hivohivo, mchanga umekuwa baridi kama sakafu ya saruji na maji yana uvuguvugu, ndo maana wavuvi wanaorudi hiyo saa wanaona raha kuoga. Jua ni lilelile, ila maji yanahitaji joto kama mara nne au tano ya linalohitajika kupandisha udongo mkavu wa uzito uleule, tena jua linapenya majini mita nyingi na mawimbi yanachanganya, wakati mchangani linaishia juujuu tu. Maji ya juu ya Tanganyika yanachezea nyuzi 24 mpaka 28 hivi mwaka mzima. Nchi kavu ndo inapanda na kushuka kama homa.

Kwahiyo jua likichomoza, ardhi inaanza kupata moto, na kuna dakika joto la ardhi linakuwa sawa na la ziwa, hapo ndo moshi wako unasimama wima haujui uende wapi. Umeona mwenyewe, "unasimama, halafu unageuka". Hiyo dakika ya kusimama vitabu vingi havina, wewe unayo. Ardhi ikishalipita ziwa kwa joto, hewa ya bara inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza, moshi unakurudia usoni. Ile iliyopanda haipotei, huko juu mita mia kadhaa mpaka kilomita moja hivi inarudi kuelekea ziwani, inapoa, inashuka, inaanza upya. Ni duara. Ndo maana mchana utaona mawingu yamejipanga juu ya milima nyuma ya mji na katikati ya ziwa kweupe, kwasababu kule inapopanda inatengeneza mawingu na kule inaposhuka inayafukuza.

Usiku kila kitu kinageuka, ardhi inapoa haraka, hewa ya juu yake inakuwa nzito, na nyie wa Kigoma mna nyongeza ambayo watu wa sehemu tambarare hawana. Milima. Hewa baridi nzito inateleza mabondeni kama maji, inashuka mpaka ufukweni na kuingia ziwani, kwahiyo upepo wa usiku wa upande wenu ni wawili waliounganisha nguvu, ule wa nchi kavu kwenda majini na ule wa mlimani kwenda bondeni. Ukikaa mdomoni mwa korongo usiku wa manane mbingu ikiwa nyeupe na nyota nyingi utausikia miguuni kabla hujausikia usoni.

Hapo sijataja Dunia kuzunguka hata mara moja, na sijaruka kitu. Upepo wa ziwa lenu unatembea kilomita chache kwa masaa machache, Dunia haipati nafasi ya kuupinda, hasa karibu na ikweta ambako huko kupinda ni kudogo mno.

Sasa panua jiko. Badala ya mchanga na ziwa, weka Dunia nzima. Ukanda wa ikweta unapata jua la utosini, Kigoma kwa mfano jua linapita juu kabisa ya vichwa vyenu mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 8 mwezi wa tatu na kama tarehe 5 mwezi wa kumi, na miezi mingine haliendi mbali. Kule ncha za Dunia jua linakuja limelala, mwanga uleule unatandazwa eneo kubwa, barafu nayo inaurudisha. Kwahiyo ikweta ni makaa, ncha ni nje ya jiko. Hewa ya ikweta inapanda mpaka kilomita kama 15 juu, inasambaa kwenda kaskazini na kusini, ikifika nyuzi 30 hivi inashuka, na inaposhuka hamna mvua, ndo unakuta Sahara upande ule na Kalahari upande huu. Ikifika chini nyingine inarudi ikweta kujaza pengo. Hiyo inayorudi ndo upepo mkubwa unaotuhusu sisi. Kutoka nyuzi 30 kwenda 60 kuna mzunguko mwingine ambao upepo wa chini unatoka magharibi, na kule nchani wa tatu unaotoka mashariki, sitakaa sana huko maana haupigi boti ya Kagunga.

Na hapa sasa ndo nampa mwanao nafasi yake. Kama Dunia isingezunguka, hiyo hewa inayorudi kutoka kusini ingekuja wima tu kutoka kusini kwenda kaskazini. Lakini fikiria hewa iko nyuzi 30 kusini, ardhi ya pale inakwenda mashariki kwa spidi ya kama kilomita 1,446 kwa saa, na hewa inakwenda nayo. Inaanza safari ya kuja huku ambako ardhi inakwenda 1,664. Ikifika imechelewa, ardhi inaikimbia kuelekea mashariki, na wewe uliyesimama kwenye hiyo ardhi unaona hewa inakuja kutoka mashariki. Changanya na ule mwendo wake wa kutoka kusini unapata upepo wa kusini-mashariki. Ukipiga hesabu ya kutoa unapata zaidi ya kilomita 200 kwa saa, ila hatupigwi na upepo wa hivo kwasababu njiani inasuguana na bahari, misitu na milima, inafika imepungua kasi, kilomita 20 au 30 kwa saa ndo kawaida yake. Mwingereza George Hadley alilieleza hili mwaka 1735, halafu miaka 100 kamili baadae, 1835, Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis akaandika hesabu za vitu vinavyotembea juu ya kitu kinachozunguka, na mpaka leo huko kupinda kunaitwa kwa jina lake. Kanuni ni fupi: kusini ya ikweta kila kinachosafiri mbali kinapindia kushoto, kaskazini kinapindia kulia, na ikweta yenyewe hakipindi. Hata upepo unaoenda mashariki au magharibi unapindwa, kwahiyo ule mfano wangu wa ardhi kukimbia ni mlango tu wa kuingilia, nyumba ni kubwa zaidi.

Huko kutopinda karibu na ikweta ndo kunawakinga na vimbunga vya baharini. Kimbunga kinahitaji hewa inayokimbilia katikati ipindwe mpaka izunguke, na kwenye nyuzi tano kutoka ikweta nguvu ya kuipinda haitoshi, na kinataka bahari yenye joto. Hidaya ya mwezi wa tano 2024 ilipiga Mafia na pwani ya kusini kwetu, ilipofika nchi kavu ikafa. Vile visulisuli vya vumbi vya Tabora mwezi wa tisa mashamba yakiwa makavu ni kitu kingine kabisa, ni ardhi imechemka mahali padogo, hewa inapanda ikijisokota, na vinazunguka upande wowote, Dunia haiviamulii.

Niseme kitu nilichokiona mwenyewe. Kule Tabora tulikuwa tunarusha puto asubuhi, unalifuatilia kwa teodolaiti, kile kidarubini cha kupimia pembe, unaandika pembe kila dakika. Siku moja ya kiangazi puto limeondoka vizuri linaelekea magharibi na upepo wetu wa kila siku, nimeganda kwenye lenzi, ghafla likiwa juu sana likaanza kwenda kwingine, kama mtu kageuza usukani. Bendera ya kituo pale chini inapepea vilevile. Mzee niliyekuwa naye akaniambia upepo una ghorofa, usidhani uliyopo ndo pekee. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "upepo leo unatoka kusini" najiuliza kwanza, kusini ya ghorofa gani.

Sasa huo upepo wa kusini wa kaka yako. Mwezi wa sita mpaka wa nane jua liko kaskazini ya ikweta, na lile pengo la hewa inayopanda linalifuata jua. Mamlaka ya hali ya hewa wanaliita Ukanda Mvua, wakati huo liko mbali kaskazini, ndo maana nyie hamna mvua. Upande wa kusini ni majira ya baridi, kuna migandamizo mikubwa, mmoja wapo uko baharini maeneo ya visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagascar. Hewa inasukumwa kutoka huko kuja kujaza pengo la kaskazini. Pwani wanauita kusi na wameutumia kwa majahazi kwa karne nyingi, wanakwenda nao kaskazini na kurudi na kaskazi jua likihamia kusini. Huku kwetu unapita bara, ukifika ziwani unakutana na Bonde la Ufa. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 na upana wa wastani kama 50 tu, milima imesimama kushoto na kulia kama kuta za korido, basi upepo wa kusini-mashariki unaingia kwenye korido unalazimika kufuata urefu wake, unakuja ukiwa wa kusini. Na kwa vile una mamia ya kilomita za maji matupu bila kizuizi, mawimbi yana muda wa kukua, likifika kwenu limeshakuwa wimbi la maana. Kaka yako anafanya vizuri kukaa nyumbani, mwambie nimesema. Jua ndo limeanzisha, Dunia imepinda, mlima umeelekeza. Kila mmoja na kazi yake.

Halafu huo upepo msiulaani. Unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, kule kusini upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya chini ya baridi yanapanda yakiwa na virutubisho vilivyozama, mimea midogo inastawi, na dagaa wako anaanzia hapo. Ukitulia mwezi wa tisa maji yanarudi, yanapembea kimyakimya ndani ya ziwa kama maji kwenye karai ulilolisogeza, pembea moja inachukua wiki tatu mpaka tano. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, kule chini hamna hata oksijeni, bila upepo wa kuchanganya juu chakula cha samaki kingebaki kimezikwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulioonyesha ziwa linapata joto na upepo umepungua nguvu, kuchanganyika kukapungua, na uzalishaji wa ziwa ukashuka. Mimi jambo hilo linanikosesha usingizi kuliko mawimbi.

Mwisho umeuliza kujua utageuka saa ngapi. Siku ya jua kali tangu asubuhi utageuka mapema, saa nne na nusu hivi. Siku ya mawingu mazito ardhi haipati moto, unaweza usigeuke kabisa, usishangae. Siku ya upepo wa kusini mkali ule mdogo wa ziwa unamezwa, hutauona. Ila wa kuuogopa kwa dagaa wako ni mwingine, wa masika: mchana umekuwa wa joto la kukaba, kuna wingu jeusi limesimama, hewa imetulia, halafu ghafla unapigwa na upepo wa baridi. Hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu, imekuwa nzito imedondoka, ikifika chini inatawanyika kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Una dakika chache tu. Usisubiri tone, kusanya, na kama kaka yako yupo majini na ameliona hilo wingu asogee ufukweni kabla huo upepo haujamfikia, maana hauji polepole.

Na kijana mwambie achukue daftari, kila siku aandike moshi umegeuka saa ngapi na mbingu ilikuwaje, mwezi mmoja tu, anitumie. Aandike upepo unakotoka, sio unakokwenda, ndo utaratibu wetu.